Umelipia Kitabu, Umepewa Ruhusa

Mjomba wangu wa Tanga aliposhika kwa mara ya kwanza Kindle yangu, kifaa cha kusomea vitabu vya kielektroniki, alianza kuikwangua kwa ukucha. Alidhani yale maandishi ya mbele ni stika, kama zile zinazokuja zimebandikwa kwenye simu mpya, na kwamba akishaibandua ndipo kioo chenyewe kitaonekana. Nikagusa pembeni, ukurasa ukabadilika. Akaishusha mezani taratibu kama mtu aliyeshika yai, akaniuliza: "Sasa taa yake iko wapi?"

Nimehudhuria makongamano ya vitabu ambako watu wenye shahada tatu tatu hawakuuliza swali zuri kama hilo. Kila mada ya vifaa vya kusomea ikitajwa, ukumbi hugawanyika: hawa wanasema kitabu cha karatasi kinakufa, wale wanasifia harufu ya karatasi, kisha chai inaletwa. Ugomvi huo huchanganya vitu vitatu ambavyo kila kimoja kina habari zake: kioo tunachosomea, faili lililomo ndani yake, na mkataba tunaoukubali kwa kubonyeza kitufe bila kuusoma. Kioo ndicho kinachozungumzwa sana, na ndicho chenye shida ndogo kuliko vyote.

Basi tumjibu mjomba. Simu hurusha mwanga kutoka ndani kuja machoni, kama dirisha la nyumba yenye taa usiku. Vifaa kama Kindle na Kobo havikubuniwa hivyo. Vinaonekana kwa mwanga wa nje unaogonga na kurudi, sawasawa na gazeti, ndiyo maana juani vinasomeka vizuri zaidi badala ya kupotea. (Matoleo ya siku hizi yana vitaa vidogo pembezoni, lakini hivyo vinamulika uso wa ukurasa kwa juu. Ukivizima kitabu bado kipo.) Chini ya uso huo kuna mamilioni ya vifuko, kila kimoja kikiwa na upana wa kama unywele mmoja wa binadamu. Ndani ya kila kifuko kuna kimiminika angavu, na humo zinaelea chembe nyeupe na chembe nyeusi. Nyeupe ni dioksidi ya titani, kitu kile kile kinachofanya rangi ya ukuta iwe nyeupe. Nyeupe zina chaji chanya, nyeusi zina chaji hasi. Kifaa kikipeleka chaji chanya chini ya kifuko, nyeupe zinasukumwa juu na nyeusi zinavutwa chini, na mahali hapo panaonekana peupe. Kikigeuza chaji, panakuwa peusi. Herufi "a" unayoisoma ni kundi la chembe zilizoamriwa kupanda na nyingine kushuka.

Uzuri wa jambo lenyewe ni kwamba chembe zikishafika zilikoamriwa, zinabaki hapo. Hazihitaji umeme wa kuzishikilia. Kioo kinakula betri unapogeuza ukurasa tu, unapoendelea kusoma hakili kitu, na ndiyo sababu chaji moja inaweza kukaa wiki kadhaa. Niliwahi kuisahau yangu kwenye droo kwa miezi mingi. Nilipoitoa ilikuwa imekufa kabisa, lakini usoni ilikuwa na mchoro wa betri tupu, mweusi tii, ikinitangazia kuwa imeishiwa chaji bila chaji yoyote ya kutangazia.

Ila hakuna kizuri kisicho na ila. Chembe hizo hutembea polepole, kwa hiyo video hazifai, na mara kwa mara ukurasa wote hupepesa mweusi mara moja ili kufuta kivuli cha maneno yaliyotangulia. Na kioo chenyewe kimejengwa juu ya kigae chembamba cha kioo halisi. Yangu ya kwanza ilipata kiwiko cha abiria kwenye daladala la Mbagala. Nje haikuwa na hata mchubuko, lakini ndani theluthi moja ya ukurasa iliganda daima kwenye sura ya nne ya riwaya niliyokuwa nasoma. Fundi wa Kariakoo aliigeuzageuza, akasema kioo hana, na nikikipata bei yake haitanifurahisha. Kitabu cha karatasi kikipata kiwiko kinakunjika kona.

Teknolojia hii ilitoka kwenye maabara ya chuo cha MIT, Marekani. Kampuni ya E Ink iliundwa mwaka 1997, Sony wakauza kifaa cha kwanza chenye kioo chake huko Japani mwaka 2004, na tarehe 19 Novemba 2007 Amazon wakaleta Kindle kwa dola 399. Akiba yote ilikwisha ndani ya saa tano na nusu. Mwaka 2009 E Ink yenyewe ilinunuliwa na kampuni ya Taiwan. Leo Kindle ya kawaida inauzwa Marekani kwa kama dola 110. Huku kwetu nyingi huingia kwenye mabegi ya ndugu wanaorudi likizo, zikiwa zimefungwa katikati ya fulana.

Lakini tuseme ukweli. Msomaji wa kielektroniki wa Afrika Mashariki hana Kindle. Ana simu, na kwenye simu ana PDF aliyotumiwa WhatsApp. Hapo ndipo habari ya faili inapoanza, na ndipo wengi wanapochukia kusoma kwenye kioo bila kujua kosa ni la nani.

PDF ni picha ya ukurasa uliokwisha kupangwa. Iliundwa ili kinachoonekana kwenye kompyuta ya mpangaji kionekane vile vile kwa mpiga chapa, bila koma kusogea. Kwa kazi hiyo haina mpinzani. Lakini ukurasa uliopangwa kwa karatasi ya A4 ukiuingiza kwenye kioo cha inchi sita, unapata maandishi ya ukubwa wa chawa. Unakuza, unasogeza kulia, unarudi kushoto, unapoteza mstari. Ukimaliza ukurasa mmoja kichwa kinauma, na unahitimisha kwamba kusoma kwenye simu hakufai. EPUB, muundo unaotumiwa na wachapishaji wengi wa vitabu vya kielektroniki, haina ukurasa. Ina maneno, vichwa na aya, na kifaa chenyewe ndicho kinachoyamimina kwenye kioo kilichopo, kama maji yanavyochukua umbo la mtungi. Ukikuza herufi, mistari inajipanga upya. Kitabu kile kile, simu ile ile, na macho hayachoki hivyo.

Kiswahili kina mashaka yake hapa, na wanaotengeneza programu hizi ni nadra kuyafikiria. Maneno yetu ni marefu. "Hawakuvipelekea" ni neno moja, na kwenye mstari wa herufi ishirini na tano halikubali kukaa na jirani. Programu iliyoambiwa inyooshe kingo pande zote mbili itaacha matundu katikati ya mstari unayoweza kupitisha mkokoteni. Dawa ni kukata neno mwishoni mwa mstari, na Kiswahili ni kati ya lugha rahisi kukatwa duniani, maana silabi zetu karibu zote huishia na irabu. Kanuni zake zinatosha nusu ukurasa. Lakini programu inayodhani inasoma Kiingereza hukata inavyojua yenyewe, na ndiyo maana nimewahi kuona "nyum-ba" katika kitabu ambacho mtu alitoa fedha yake kukinunua.

Kamusi nayo. Sifa moja kubwa ya vifaa hivi ni kwamba ukigusa neno, maana inatokea. Kwa Kiingereza kazi ni nyepesi, kwa sababu neno hubadilika mkiani: ukikata mkia unapata kidahizo, yaani neno lenyewe lilivyoorodheshwa kwenye kamusi. Sasa gusa "walipomkaribisha." Kidahizo ni "karibisha", au hata "karibu", na kiko nyuma, kimetanguliwa na kiambishi cha nafsi, cha wakati, cha "po" na cha mtendwa. Programu isiyojua kulimenya neno itakwenda kwenye herufi W, itapekua, itarudi mikono mitupu. Kamusi inaweza kuwa nzuri mno na bado isimfae msomaji, kwa kukosa huyo wa kumenya. Kazi hii si ya Amazon peke yake. Ni kazi ya wanaisimu wetu na vijana wanaoandika programu, na nijuavyo mimi makundi hayo mawili hukutana harusini tu.

Kuna msomaji mmoja ambaye kwake suala la faili si la starehe. Asiyeona anasoma kwa kusikiliza: programu ya simu inamsomea kwa sauti. EPUB iliyotengenezwa vizuri inasomeka kwa sauti, sura kwa sura. PDF iliyotokana na kupiga picha kurasa za kitabu kwa simu haisomeki, kwa sababu ndani yake hamna maneno, mna picha za maneno. Kwa vizazi vingi mtu huyu alisubiri nakala ya breli, ambayo kwa kitabu kimoja cha shule inaweza kujaza rafu. Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013 uliruhusu vitabu vigeuzwe katika namna anazoweza kuzisoma bila kuomba kibali cha mwenye hakimiliki kwa kila kitabu. Kenya ilijiunga mwaka 2017, Tanzania mwaka 2020. Mtu anayesema vitabu vya kielektroniki ni anasa ya wenye nazo, ningependa akae saa moja na mwanafunzi asiyeona aliyepata kitabu cha historia siku moja na wenzake.

Sasa mkataba. Hapa ndipo penye uzito, na hapa ndipo ninapowaacha wanaoogopa kioo na wanaosifia karatasi pia.

Ukinunua kitabu cha karatasi pale Samora au kwa wauza mitumba wa Posta, ni mali yako. Unaweza kukiazima, kukiuza, kukiandika pembeni, kumrithisha mwanao, hata kukifungia maandazi. Mwandishi ana haki ya kukuzuia usikichape upya, basi. Nakala uliyoshika hana mamlaka nayo tena. Kitabu cha kielektroniki ulichokinunua kwenye duka kubwa la mtandaoni, kwa kawaida hukukinunua. Umelipia leseni, yaani ruhusa ya kukisoma kwa masharti, na mwenye duka anabaki na ufunguo.

Julai 2009 wasomaji kadhaa wa Marekani walifungua Kindle zao wakakuta kitabu walicholipia hakipo. Muuzaji aliyekiweka dukani hakuwa na haki nacho, hivyo Amazon walikifuta kutoka vifaani kwa mbali na kurudisha fedha. Katika vitabu vyote duniani, kimojawapo cha vilivyofutwa kilikuwa "1984" cha George Orwell, ambamo serikali hutupa maandishi isiyoyataka kwenye tundu la ukutani yakateketee. Mwanafunzi mmoja wa Michigan alikuwa ameandika maelezo yake ya masomo pembeni ya kurasa. Maelezo yakabaki hayana kitabu cha kushikamana nacho. Jeff Bezos, mkuu wa Amazon wakati huo, aliomba radhi hadharani, na kesi ikamalizwa kwa dola 150,000. Miaka kumi baadaye Microsoft walifunga duka lao la vitabu, na Julai 2019 vitabu vyote vilivyonunuliwa humo vikaacha kufunguka. Fedha zilirudishwa, na aliyekuwa ameandika maelezo pembeni akaongezewa dola 25. Sijui mizani gani ilitumika kupima mawazo ya mtu hadi yakafika dola 25.

Mambo hayo hayakwisha. Tangu tarehe 26 Februari 2025 Amazon waliondoa njia iliyokuwa ikimwezesha mteja kupakua kitabu alicholipia akakihifadhi kwenye kompyuta yake. Na Jimbo la California limetunga sheria, iliyoanza kutumika Januari 2025, inayokataza duka kuandika "nunua" kwenye kitufe pasipo kumweleza mteja waziwazi kuwa anachopata ni leseni. Yaani kilichohitaji sheria ni neno moja tu, kununua.

Maktaba zimebanwa vivyo hivyo. Nakala ya karatasi kwenye maktaba ya mkoa huazimwa mpaka gamba linang'oka, inapigwa gundi, inarudi rafuni. Mwaka 2011 mchapishaji HarperCollins aliamua kwamba kitabu chake cha kielektroniki kikishaazimwa na maktaba mara 26 kinajifunga, na maktaba inunue upya. Hoja yao ilikuwa kwamba hata karatasi huchakaa. Ni kweli huchakaa, lakini sijawahi kuona karatasi inayohesabu.

Hii haina maana kwamba faili ni adui. Mwaka 1971, Michael Hart wa Chuo Kikuu cha Illinois aliandika Tamko la Uhuru wa Marekani kwenye kompyuta ya chuo ili yeyote alichukue bure, miongo kadhaa kabla ya mtu kuwa na kifaa cha kusomea mfukoni. Ndio mwanzo wa Project Gutenberg, yenye makumi ya maelfu ya vitabu vilivyokwisha muda wa hakimiliki. African Storybook, iliyoanzia Afrika Kusini mwaka 2014, ina hadithi za watoto kwa lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwamo, na leseni yake inakuruhusu uzichape, uzifasiri na uzigawe. Mafaili hayo hayana ufunguo, na hakuna wa kukufutia usiku.

Nikirudi kwenye biashara, utabiri wa kifo cha karatasi ulikuwa na siku zake za fahari. Mei 2011 Amazon walitangaza kuwa kwa kila vitabu 100 vya karatasi walikuwa wakiuza 105 vya Kindle. Mwaka huo huo maduka ya vitabu ya Borders, ya Marekani, yakafilisika. Ungekuwa mchapishaji ungeanza kuuza mashine. Lakini kufikia mwaka 2021, taasisi ya Pew ilipowauliza Wamarekani wazima, asilimia 65 walikuwa wamesoma kitabu cha karatasi katika mwaka uliopita, asilimia 30 cha kielektroniki, na asilimia 23 walikuwa wamesikiliza kitabu cha sauti. Kilichokufa kweli ni aina fulani za vitabu. Encyclopaedia Britannica iliacha kuchapwa mwaka 2012 baada ya miaka 244, na kitabu cha simu kilichokuwa kikikaa chini ya simu ya mezani hakuna anayekililia. Vitabu unavyovifungua kutafuta jambo moja vimehamia kwenye kioo. Unavyokaa navyo vimebaki.

Kwetu hesabu ni nyingine. Kitabu cha karatasi hapa hakikutishwa na Kindle, kilikuwa na matatizo yake kitambo. Kiwanda cha karatasi cha Webuye, Kenya, kilisimama mwaka 2009, na karatasi nzuri ya vitabu huja kwa meli na kulipiwa kwa dola. Mwaka 2013 Kenya ilianza kutoza vitabu kodi ya VAT ya asilimia 16. Juu ya hayo kuna hesabu ya mtambo: gharama ya kuandaa mabamba ya kuchapia ni ile ile uchape nakala 300 au 30,000, kwa hiyo anayechapa chache kila nakala yake ni ghali. Riwaya ya Kiswahili ni nadra kuchapwa nyingi. Mchapishaji hula kwa kitabu cha shule, na siku hizi hata huko serikali ndiyo mnunuzi au ndiyo mwandishi: Kenya tangu 2017 hununua vitabu vya kiada na kuvipeleka shuleni moja kwa moja, Tanzania Taasisi ya Elimu ndiyo inayovitunga na kuvichapa, na imeviweka pia kwenye Maktaba Mtandao yake ambako mwanafunzi mwenye bando huvisoma bure.

Riwaya ikahamia WhatsApp. Sisemi PDF za wizi peke yake, ingawa hizo zipo na zinawaumiza waandishi kama ilivyowaumiza mashine ya kutoa kopi kabla yake. Nasema yale makundi ambamo mtunzi huweka sehemu ya kwanza hadi ya kumi bure, akakukatia pale panapokaribia kufumaniwa mtu, kisha anaandika namba: tuma elfu mbili upate mpaka mwisho. Malipo ni kwa simu, kadi ya benki haihitajiki. Waliokuwa wakinunua magazeti ya hadithi kila wiki wanaujua mtindo huo vizuri. Hakuna mchapishaji, hakuna mhariri (na inaonekana), lakini kuna wasomaji wengi kuliko duka lolote la vitabu ninalolijua. Mtu akikwambia Waswahili hawasomi, muulize yuko kwenye makundi mangapi.

Na huku nyuma faili limefanya jambo ambalo halikutabiriwa: limeiokoa karatasi. Kila kitabu kinachochapwa leo kilikuwa faili kwanza. Kwa mitambo ya kuchapa kidijitali unaweza kuchapa nakala moja, siku mteja alipoilipia. African Books Collective ya Oxford, iliyoanzishwa na wachapishaji wa Afrika, inauza hivyo vitabu vya kina Mkuki na Nyota wa Dar es Salaam. Profesa wa Toronto akiagiza, kitabu kinachapwa huko huko ng'ambo, hakisafiri baharini wala hakioti ukungu kwenye ghala la Chang'ombe.

Shuleni ndiko ambako ningeomba watu wapunguze haraka. Kenya ilianza kugawa vishikwambi katika shule za msingi mwaka 2016. Sweden, iliyotangulia mbali kwenye vioo, mwaka 2023 ilitenga krona milioni 685 kurudisha vitabu vya karatasi madarasani. Utafiti mkubwa wa mwaka 2018 uliounganisha tafiti 54, zenye washiriki zaidi ya 170,000, ulikuta watu wanaelewa zaidi wanaposoma kwenye karatasi, hasa maandishi ya maarifa na hasa wanapokimbizwa na muda. Kwenye hadithi tofauti haikuonekana. Mwingine wa mwaka 2019 uliwapa watu 50 hadithi ya kurasa 28, nusu kwa Kindle na nusu kwa karatasi. Walilingana karibu kwa kila kitu, isipokuwa wa karatasi walikumbuka vizuri zaidi nini kilitangulia nini. Nadhani vidole vina kazi hapo: unene wa kurasa zilizokwisha, mkono wa kushoto, na zilizobaki, mkono wa kulia. Kindle hukupa asilimia, lakini vidole havijui asilimia.

Nimeliona hilo kwenye hitima. Zamani sanduku la juzuu lililetwa, juzuu thelathini za Kurani, kila mtu akachukua moja, na zilipopungua sandukuni ulijua msomo umefika wapi. Sasa kundi la familia hugawana juzuu kwenye simu. Binamu yuko Muscat, dada yuko Minneapolis, kila mmoja anaandika namba aliyoichukua, na khatma inapatikana bila mtu kupanda ndege. Wazee hawakupinga. Lakini pale msibani sanduku bado linaletwa, na ukifungua juzuu yoyote kati ya hizo, ndani ya jalada utakuta neno limeandikwa kwa kalamu: wakfu. Fulani bin fulani aliinunua, akaitoa, na tangu hapo haiuzwi wala hairithiwi. Ili kuweka kitu wakfu lazima kwanza ukimiliki. Mimi nina vitabu zaidi ya mia kwenye Kindle yangu, na nilivyolipia katika hivyo siwezi kukiweka wakfu hata kimoja.

Katika Msikiti wa Riyadha, Lamu, kuna hati za mkono za Kiarabu zilizokusanywa kwa vizazi, na kadhaa kati ya hizo zina neno hilo hilo la wakfu kwenye kurasa zake. Chumvi ya bahari, unyevu na wadudu walikuwa wanazimaliza. Kwa msaada wa mpango wa Maktaba ya Uingereza wa kuokoa nyaraka zilizo hatarini, zilipigwa picha ukurasa kwa ukurasa, zikawekwa mtandaoni bila bei, na mtoto wa Lamu aliye Doha akaweza kuona mwandiko wa walimu wa babu yake kwenye simu. Oktoba 2023 wadukuzi waliivamia Maktaba ya Uingereza, na huduma zake nyingi za mtandaoni zikazimika kwa miezi. Miezi yote hiyo, makaratasi ya Lamu yalikuwa Lamu.